Wanefili Walivukaje Gharika?

Ngazi alizaliwa mrefu, akaendelea. Katika picha ya familia yao yupo kuanzia miguu hadi shingo. Kichwa kilikosa nafasi. Kazi yake ni kupaka rangi nyumba, na kwa kuwa dari huzifikia akiwa amesimama sakafuni, mafundi wenzake ndio waliomwita Ngazi. Jina likamganda.

Mapenzi yalimkuta kwa mshonaji aliyepanda kigoda ili ampime mabega.

"Kaka, hiki ni kitambaa cha watu wawili," dada huyo mshonaji alilalamika.

"Basi wa pili uwe wewe," akajibu, akashangaa mwenyewe ulimi umepata wapi ujasiri.

Shida ilikuwa kwa mama wa binti huyo. Mama huyu aliwafundisha Biblia kina mama wenzake kila Alhamisi, na juma lile, kwa bahati mbaya ya Ngazi, walikuwa wamefika Mwanzo sura ya sita, pale wana wa Mungu walipowatamani binti za wanadamu, na majitu yaitwayo Wanefili yakawapo duniani. Wana wa Mungu ni akina nani? Malaika, au uzao wa Sethi? Walibishana mpaka chai ikapoa. Mama alishika upande wa malaika, hakubanduka.

Jumapili Ngazi akaja kuchumbia. Sebule ikajaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama alimtazama kutoka viatuni kwenda juu, safari ndefu. "Kwenu mko wengi wa namna hii?"

"Babu alinizidi, mama."

Mama akashika kifua. "Nilijua! Damu ya Wanefili! Binti yangu haolewi na jitu."

"Mama! Huyu anaogopa hata kuku!"

Ngazi amekuja kuomba mke, anaitwa jitu. Akajikaza. "Lakini mama, majitu si yalikufa yote kwenye gharika?"

"Soma Hesabu kumi na tatu! Wapelelezi wa Musa waliyaona tena, wao wakajiona panzi!"

"Sasa yalivukaje?" Ngazi akauliza.

"Labda moja lilining'inia nje ya safina," baba wa binti alisema kutoka nyuma ya gazeti.

"Mzee, usinichezee Biblia!" Lakini swali lilikuwa limemchoma. Akafunua kurasa, akahesabu kwa vidole: Nuhu, mkewe, wana watatu... Akasita. "Wake wa wanawe. Hao hatuambiwi wametoka kwa nani."

"Kwa hiyo jitu liliingia kama mkwe?" binti akadakia. "Na Nuhu akakubali?"

Mama aliona mahali alipojifikisha kwa miguu yake mwenyewe.

"Nuhu alikuwa mtu wa haki," alisema taratibu. "Mimi ni nani hata nimzidi?" Mara uso ukachangamka. "Jamani, nimelipata fumbo! Alhamisi wenzangu watashika midomo! Na wewe uje, ukae mbele wakuone."

"Akikaa mbele atawaziba," baba akasema, akishusha gazeti. "Kaa nyuma, mkwe wangu."