Nani Alisema Mwamba Umekauka

Mdogo wangu alinipita. Sijui niseme vipi tena. Nilikuwa nimesimama kwenye ukingo mwembamba kuliko ubao wa benchi, mkono wa kushoto nimeuchomeka kwenye ufa, yeye yuko juu yangu na mwenge wa kufukuza nyuki. Nikasikia unyayo wake unateleza, halafu akapita ubavuni kwangu, akanigusa bega. Hakupiga kelele. Waliopiga kelele ni wa chini.

Nikabaki pale. Kupanda siwezi, kushuka siwezi, kila nilipogusa panateleza kama mgongo wa kambare. Jua linawaka, ziwa linang'aa, nyuki wananitembea usoni na sina mkono wa kuwafukuza. Watu wawili walikuwa wametangaza kwamba mwamba ule umekauka. Wote wawili walikuwa chini, wamevaa viatu.

Mimi niliishia darasa la nne, lakini mwamba ule naujua. Uko juu ya ziwa, upande wa Lipingo, na nyuki wake wapo tangu enzi za babu zetu. Kwingine watu hulina asali usiku. Sisi tunalina mchana, kwa sababu pale usipoona unapokanyaga umekwisha. Na baada ya mvua hapandi mtu mpaka mwamba upimwe.

Mpimaji alikuwa baba yetu mdogo. Alikuwa anakuja na majivu ya jikoni kwake, ameyafunga kwenye jani la mgomba. Hakuwa anapima usoni mwa mwamba, kule unakopigwa na mwera, upepo wetu wa kusini. Mwera unakausha uso kwa asubuhi moja tu, maji yanabaki ndani, yanatoka polepole palepale unapotaka kuweka mguu. Yeye alikuwa anazunguka nyuma, anaingiza mkono kwenye ufa, anapuliza majivu. Yakiruka, sawa. Yakiganda na kuwa meusi, bado. Halafu anakwaruza kwa ukucha yale magamba ya kijivu yanayoota kwenye jiwe. Yakivunjika kama ganda la karanga, panda. Yakijikunja kama ngozi, rudi nyumbani ukalale. Na kulikuwa na sharti: anayesema umekauka ndiye anayetangulia kupanda. Ndiyo maana hakuna aliyelisema neno hilo kwa mchezo.

Likaja hili soko huria. Ushirika ukalala. Wanunuzi binafsi wakawa wanapanda milimani, Maguu, kufuata kahawa, na mmoja wao akamtuma wakala wake ashuke ziwani kutafuta asali. Alifika mvua imenyesha siku tatu mfululizo, na lori linamsubiri Mbinga. Baba mdogo akapima, majivu yakaganda.

"Siku mbili," akasema.

"Shikamoo, mzee," wakala akasema, kijana wa mjini, mpole kabisa.

"Marahaba."

"Mzee, siku mbili mimi sina. Hebu ona." Akaweka kiganja kwenye jiwe pale chini, penye jua. "Hili ni la moto. Unaweza kukaangia dagaa." Akakung'uta majivu ya sigara yake, yakapeperuka hata kabla ya kugusa mwamba. "Si hayo yameruka? Au mpaka yawe ya jikoni kwako?"

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka.

"Basi tangulia, mwanangu," baba mdogo akamwambia.

"Mimi nimekuja kununua, mzee. Wa kupanda ni nyinyi."

Hapo mwenyekiti wetu wa kijiji, aliyekuja naye bega kwa bega, akasimama juu ya jiwe kama yuko mkutanoni. "Mwamba umekauka. Mimi nasema umekauka. Mambo ya kusubiri ukoo mmoja upulize majivu yamekwisha. Kama hawa wanaogopa unyevu kama paka, nitawaita vijana wa kijiji cha pili, na wakishaanza kulina hapa hawa wasije kunililia ofisini."

Ndivyo alivyotufunga. Tukikataa, mwamba umekwenda. Tukipanda, tunajua tulichokiona. Baba mdogo alitushika mashati, mimi na mdogo wangu, tukajinasua.

Na mimi sijitoi lawamani. Nilipofika kimo cha watu watatu nilikwaruza yale magamba, yakajikunja chini ya ukucha. Niliyaona kwa macho yangu. Sikumwambia mdogo wangu kitu, kwa sababu watu walikuwa wanatuangalia na mwenyekiti alikuwa amekunja mikono.

Baada ya yeye kuanguka nilikaa kwenye ukingo ule mpaka jua likagusa milima ya ng'ambo. Nilikuwa naupima mwamba kwa shavu, kwa mdomo, kila mara nikidhani sasa, na kila mara bado. Niliwaona wanambeba kwenye mkeka. Nilimwona wakala akiondoka. Baba mdogo alizungukia nyuma, kwenye njia ndefu, akateremsha kamba ya magome akanivuta. Hakunilaumu. Alisema tu, "Usiangalie chini."

Kule mazishini mwenyekiti alizungumzia ajali. Kumbe alikuwa ameshapeleka barua ofisi ya kata. Nilisomewa miezi mingi baadaye na karani aliyenionea huruma: marehemu alipanda mwamba kwa uzembe wake mwenyewe, bila ruhusa ya serikali ya kijiji. Bila ruhusa. Mimi nilikuwepo, ruhusa niliisikia kwa masikio yangu.

Wakala nimemwona Mbinga, ana tumbo na duka. Nilimwuliza, akasema yeye ni mgeni, aliamini alichoambiwa na mwenyekiti. Haya. Basi nakuuliza wewe, mwenyekiti, uliyestaafu na kukaa benchi la mbele kanisani. Sijaandika jina lako, lakini kijiji kizima kinakujua. Ufa hukuugusa. Ulijuaje kwamba umekauka? Mama yangu yu hai, anaambiwa mpaka leo kwamba mwanawe alikuwa mzembe. Nenda kwake, na barua hiyo mkononi, umsomee, halafu umwambie ni nani aliyetoa ruhusa. Mimi nitakuwa nimekaa hapo mlangoni nasikiliza.