Beseni Chini ya Gunia

Maji ya kisima cha ploti yetu hapa Kawangware yana chumvi. Chai yake uitie sukari namna gani, bado ulimi utakulaumu. Lakini ndiyo tuliyoyaweza, na mwaka ule mume wangu alipokosa kazi za mjengo, ndiyo niliyonyweshea sukuma wiki niliyoipanda kwenye magunia matatu ya udongo. Magunia hayo ndiyo yaliyokuwa mboga ya watoto kila jioni. Hatukuwa na nyingine.

Mimi ni mtu wa kubana matumizi, na nilijiona mjanja. Chini ya kila gunia niliweka beseni, na maji yaliyochuruzika nikayarudisha juu. Majirani waliokuwa wakiyaacha yapotee niliwacheka kimoyomoyo.

Kisha majani yakaanza kuungua kingo, na udongo ukatandwa na unga mweupe. Nikadhani ni kiu. Nikazidi kurudisha.

Asubuhi moja, jirani wa mlango wa pili, mama wa kutoka Magharibi mwa Kenya ambaye tulikuwa tumenuniana kwa sababu ya kamba ya nguo, alinikuta nikiinua beseni. Akaninyang'anya, akalimwaga lote mtaroni.

"Wewe mama, unarudishia mboga chumvi," akasema. "Hiyo maji ya chini imebeba chumvi ya gunia yote. Wacha iende. Mwaga mingi mara moja, kwa mizizi, na usiguse majani."

Hasira zilinipanda. Maji niliyoyabeba kwa mgongo wangu, mtaroni. Nikaliokota beseni langu nikaingia ndani. Lakini jioni hakukuwa na jani la kuchuma, watoto walikula ugali mkavu, na mdogo akaniuliza mboga iko wapi. Kesho yake niliyamwagia magunia maji mengi, na yaliyochuruzika nikayaacha yaende, roho ikiniuma kweli kweli.

Wiki ya tatu majani mapya yalitoka, mapana na laini. Fungu la kwanza nilimpelekea jirani. Alipitisha kidole kwenye kingo za jani, taratibu, mpaka akaridhika.

"Mimi nilikuwa na magunia manne," akasema. "Na mabeseni yangu manne. Mboga zote zilikauka, na hakuna mtu aliniambia."

Nilimshukuru palepale mlangoni. Kamba ya nguo sasa tunaitumia pamoja, lile beseni naogeshea mtoto, na kila asubuhi maji yakiingia mtaroni namshukuru tena.