Bi Mkaa Amtafuta Mmwaga Sumu

Kazini walimwita Bi Mkaa. Yeye ndiye aliyesimamia matangi ya mkaa kwenye mtambo wa kusafisha majitaka ya jiji. Uchafu wa kawaida haukumsumbua. Vijidudu wa mabwawani waliujilia wakaumaliza. Shida ni zile kemikali sugu, kama dawa za wadudu za zamani, ambazo hata vijidudu huzisusa. Hizo hunaswa na mkaa.

Mwezi ule mkaa ukaanza kuchoka kabla ya wakati. Maabara ikatoa jibu: kuna mtu anamwaga dawa ya wadudu iliyopigwa marufuku miaka mingi iliyopita. Bi Mkaa akawaka kama katukanwa yeye.

"Nitamfuata chemba kwa chemba," akamwambia msimamizi wake. "Atanijua!"

Akamfuata kweli. Alifungua mifuniko ya barabarani, akachota majitaka, akapeleka maabara, kisha akashika bomba lenye sumu. Bomba likapita sokoni, likazunguka nyuma ya hospitali, likakata kona kwa fundi viatu. Msimamizi, mwenye ramani mkononi, akakohoa kile kikohozi cha mtu mwenye neno.

"Bi Mkaa, huku si kwenu?"

"Ndiyo. Na kuna jirani yetu, fundi rangi, simwamini hata kidogo."

Majibu yalipotoka, bomba la fundi rangi lilikuwa safi. La jirani mwingine, mwalimu, safi. Likabaki la nyumba moja, nayo ilikuwa ya Bi Mkaa mwenyewe.

Walimkuta mama mkwe jikoni, anachambua mchele.

"Mama, kuna dawa yoyote unamwaga chooni?"

"Ipo," bibi akajibu bila wasiwasi. "Ile ya marehemu baba mkwe wako, dumu zima stoo. Si wewe uliyesema sumu isilale ndani ya nyumba hii?"

"Nilisema, mama, lakini..."

"Basi mimi naitoa. Kila asubuhi kikombe kimoja. Nikimwaga yote mara moja si nitaharibu choo? Mimi si mharibifu, mwanangu."

Msimamizi akageukia ukutani, mabega yakimtikisika. Bi Mkaa alitamani ardhi ipasuke immeze, kisha akakumbuka kilichomo chini ya ardhi ile.

Wakapakia dumu kwenye gari, na bibi akapanda pia. Hakukubali kubaki na kesi isiyoeleweka. Mtamboni akachungulia tangi, pua kaibana kwa ncha ya khanga.

"Na huu mkaa ukishiba?"

"Unatolewa, mama, unachomwa kwenye tanuru la moto mkali mpaka sumu yenyewe iungue. Halafu tunaanza upya."

Bibi akaishusha khanga. "Yaani mimi nakumwagia, wewe unazoa. Na jioni nakulalamikia umechelewa kurudi."

Tangu siku hiyo mtaa haukupumua. Bibi alibisha hodi nyumba hadi nyumba akidai chupa za sumu kuukuu, na aliyesita aliambiwa, "Mkwe wangu anaijua chemba yako ndani nje. Shauri yako!" Fundi rangi alisalimisha makopo hata ambayo hakuulizwa. Mtambo ukalazimika kutenga chumba kizima kwa mizigo yake.

Siku moja mlinzi wa getini akapiga simu. "Bi Mkaa, mama yako yuko hapa na toroli. Anasema glavu mlizompa zinampwaya, na hashushi kitu mpaka aletewe nyingine."