Yule binti wa kwenye TV alibeba mtoto au alibeba nguo? Yaliyotukuta Bariadi mpaka leo sijayaelewa

Wakuu, mwadila. Na ambao si Wasukuma, habari zenu na shikamooni, kila mtu achukue inayomfaa.

Mimi ni mzee, darasa langu ni la nne, na simu hii ya kupangusa nimeizoea juzi tu. Nikikosea herufi msinicheke sana.

Ninachosimulia nilikuwepo. Pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Chumvi siongezi, hata daktari kaniambia niipunguze.

Nimeona humu ndani kuna uzi vijana wanalia kwa sababu ya series ya wanafunzi. Binti kafukuzwa kwao, page nzima machozi. Nikasema ngoja na mimi niweke langu, labda kuna mtu atanisaidia kuelewa.

Ilikuwa miaka ile mambo yamefunguliwa.

Pamba tulizoea kuuza chama cha msingi, ghafla wakaja wanunuzi binafsi, kila mmoja na mizani yake na kofia zake za kugawa. Mimi nilipata kofia mbili za watu wasiosalimiana. Ukivaa ya huyu, yule anakununia.

Bariadi ilikuwa bado Shinyanga. Simiyu haijazaliwa.

Pale mjini kulikuwa na mwenye duka, namwita Hamisi, mtu wa kuja lakini amekaa mpaka Kisukuma anatukania. Akanunua TV. Akaiweka uani nyuma ya duka, kaifunika kitambaa cha kufuma kama meza ya harusi. Jenereta iko kule nyuma ya choo ili kelele isitusumbue, ingawa ilitusumbua.

Ukinunua soda unakaa. Soda ikiisha unaendelea kushika chupa, usionekane huna.

Jumapili mchana ilikuwa siku ya mchezo wa vijana wa sekondari. Wakatoliki wakitoka kanisani, Waprotestanti wakitoka kwao, wote wanakutana kwa Hamisi Mwislamu. Hamisi alisema yeye ndiye mwenye waumini wengi Bariadi.

Sasa niwajulishe rafiki yangu Masunga. Bila yeye uzi huu hauna maana.

Masunga tumelima wote, tumechunga wote. Mtu wa maneno machache, kwenye vikao anasikilizwa. Alikuwa na binti mmoja tu kati ya wavulana, Kabula. Alikuwa sekondari, akapata mimba, shule ikamtoa. Masunga akamwambia mbele ya mama yake kwamba mlango wa kaya ile hautafunguliwa tena kwa ajili yake.

Kabula akaenda Lamadi kwa ndugu wa mama yake, akawa anaanika na kuuza dagaa. Tulisikia amejifungua. Ni mtoto gani, hatukujua. Mkewe Masunga alimsema, kaka yake alimsema, mchungaji alikuja mpaka nyumbani akapewa uji akaondoka. Mimi nilimsema mara moja akanihama siku kadhaa. Nikaacha.

Basi Jumapili moja Masunga yupo, kakaa kwenye kreti la soda kama kawaida yake, nyuma kabisa.

Kwenye ule mchezo kulikuwa na binti anaitwa Suzi. Alishafukuzwa kwao kwa mambo hayo hayo. Siku hiyo ndiyo anarudi. Mvua inanyesha, Suzi kasimama mlangoni kwa baba yake na sweta la shule, mikononi kashika kitu kimefungwa kwenye khanga.

Anabisha hodi.

Baba mtu yuko ndani kwenye kochi. Anasikia. Hainuki.

Mbele yangu alikuwepo Mama Sayi, muuza mchele, mama mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto. Akasimama. "Mfungulie mtoto, we baba! Una roho ya mjusi? Mnajifanya mna uchungu, mimba mlibeba nyie?"

Watu wakacheka. Wengine walikuwa wanafuta macho, wanaume kabisa, wanasingizia moshi wa jenereta.

Suzi akabisha tena. Baba akainuka. Akaja mpaka mlangoni, mkono ukashika komeo.

Wakuu, upepo.

Ule upepo wetu wa kabla ya mvua, unaobeba vumbi lote la Bariadi na kuku juu. Ukapiga mlingoti wa antena, TV nzima ikawa chenga.

Kijana mmoja akapanda juu ya paa. Huku chini kila mtu fundi. "Zungusha! Bado! Hapo hapo! Umepitiliza! Rudi, we mbwiga!" Picha iliporudi tukakuta mama mmoja anatabasamu na kipande cha sabuni.

Mchezo umeisha.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Kwanza ulikuwa wa kama alifungua au hakufungua. Kisha ukahamia kwenye kitu ambacho mtu wa Dar asingekiuliza: yule binti alibeba nini?

Kwetu hilo ni jambo kubwa. Mtoto aliyezaliwa nyumbani, ambaye hakuna aliyetoa ng'ombe wa mahari kwa mama yake, ni wa kaya ya babu. Kama Suzi alibeba mtoto, basi hakuja kuomba. Kaja kumpa babu mtu wake, na mtu wako huwezi kumfungia nje. Kama alibeba nguo, kaja kuomba kulala, na aombaye anaweza kunyimwa.

"Mtoto!" Mama Sayi anaapa. "Nimeona mguu!"

"Nguo," Hamisi anajibu, anakusanya chupa. "Mtoto gani ananyeshewa vile na halii?"

"Wa kwako ndio wanaolia ovyo!"

Mimi nilikuwa nimeona kama kuku, lakini nilinyamaza.

Ndipo sauti ikatoka nyuma, kwenye kreti. "Mama Sayi. Huo mguu ulikuwa na kiatu?"

 Tukakumbuka kwamba muda wote tunayemjadili tumekaa naye.

Mama Sayi akashusha sauti mpaka nikadhani kaugua. "Baba Kabula, zilikuwa chenga tu. Halafu ni mchezo ule, wale wanalipwa."

"Najua ni mchezo," Masunga akasema. "Nauliza alibeba nini."



Njia nzima tunakokota baiskeli, ananiuliza. Wewe uliona nini. Nikasema sikuona vizuri. Tukifika kwenye mteremko ananiuliza tena.

Kesho yake, amini usiamini, akanichukua tukarudi kwa Hamisi. Akamwambia awashe tuangalie pale pale kwenye mlango.

"Mzee wangu, hii siyo kaseti. Imeshapita."

"Imepita kwenda wapi?"

Hamisi akanitazama, mimi nikatazama sukari. "Imepita tu, mzee. Wanarusha, ikishapita imekwenda."

"Hata Mwanza hawana?"

"Hata Mwanza."

Masunga akafikiri. Tulipotoka nje akaniambia, "Twende Lamadi."

"Kufanya nini?"

"Kuuliza."

"Utamuuliza nani, wewe? Yule binti wa TV hayuko Lamadi!"

Akashika baiskeli yake. Nikadhani kichwa kimeguswa. Lakini rafiki ni rafiki, Jumapili iliyofuata nikaenda.

Mkewe hakuuliza neno. Aliposikia Lamadi akajaza matobolwa, vile viazi vitamu tunavyochemsha, kukata na kukausha juani. Akavifunga kwenye khanga yake ya kila siku, ya zambarau imepauka. Masunga akakipakata kifurushi kile juu ya lori mpaka Lamadi, hataki nimpokee.

Lamadi tukaulizia, tukaelekezwa kwenye vyumba vya nyuma ya waanika dagaa. Mlango wa mabati. Masunga akasimama mbele yake. Mimi nyuma yake.

Nikamwambia, "Bisha."

Akaniambia, "Subiri."

Tukasubiri. Mtu aliyefunga mlango kwa neno moja, sasa analiangalia bati kama linauma. Mwishowe akabisha. Pole sana, kama mgonjwa.

Mlango ukafunguka kidogo. Nikaona jicho. Jicho likamwona baba, likashuka mpaka kwenye khanga.

Kabula akapiga yowe.

Wakuu, sijawahi kusikia yowe la vile. Akaanguka pale pale kizingitini, mikono kichwani, "Mayo! Mayo wane!" Yaani mama yangu. Wanawake wakaacha dagaa wakaja mbio, na wao wakaanza kulia, hata hawajui wanamlilia nani. Mmoja akaanza kumfunga Kabula khanga kiunoni kama tunavyofanya kwa mfiwa. Mwingine ananipa mimi pole. Nikaipokea!

Masunga kasimama na furushi lake, ananiuliza kwa macho: nimefanya nini?

Ilinichukua muda kuelewa. Baba ambaye hakuwahi kuja, leo kaja na mzee mwenzake, kabeba khanga ya mama imefungwa. Kwetu nguo ya mtu inaletwa hivyo akiwa hayupo tena.

Nikapaza sauti. "Mama yako mzima! Mzima kabisa! Ni matobolwa haya!"

Nikamnyang'anya Masunga furushi, nikalifungua palepale chini, viazi vikamwagika. Kilio kikakatika. Mama mmoja akacheka huku bado analia, kisha wote, na yule aliyenipa pole akaniangalia kama tapeli.

Katikati ya fujo hiyo mtoto akatoka ndani. Kikaptula hakina kifungo. Akapita katikati ya miguu ya watu, akaokota tobolwa, akaanza kutafuna. Kisha akamwinulia uso Masunga.

"We nani?"

Masunga, msema vikao, akanigeukia nimjibie. Nikagoma kabisa.

Akasema, "Nimeleta viazi."

Mtoto akaona jibu linatosha.

Kabula akapiga magoti akamsalimia baba yake, macho chini. Tukaingia ndani. Chai ikaja. Ndipo Masunga akauliza lile alilolibeba toka kwa Hamisi.

"Kabula. Kama ungekuja nyumbani, ungekuja umebeba nini?"

Nilitaka nimfinye. Nikajua sasa atamweleza habari za TV.

Kabula akasema, "Nilikuja, baba."



"Huyu alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Nilimleta muone. Nikafika mpaka kwenye ua wa minyaa, nikakusikia unakohoa ndani. Nikasimama. Mkono ukakataa. Nikarudi barabarani."

Masunga akatikisa kichwa. "Haikuwa. Ningesikia. Mbwa wangebweka."

"Mbwa wananijua, baba."

Wakuu, mimi nilitoka nje nikaangalia dagaa. Waliyoongea baada ya hapo siyajui, na nisichokijua sisemi.

Kabula hakurudi na sisi siku hiyo. Alisema atakuja mwenyewe, na hakusema lini. Masunga hakumbishia.

Lakini toka tulipofika nyumbani alipata tabia moja. Sisi wote mbwa wakibweka ndiyo tunatoka kuangalia. Yeye wakibweka anakaa tu. Ila mbwa wakinyamaza sana, anaacha chakula anaenda kusimama kwenye minyaa. Watu wakasema kazeeka vibaya. Mimi nilijua, nikakaa kimya.

Pamba ilipokwisha kuuzwa, jioni moja nipo pale tunakunywa uji, mbwa kimya. Masunga akainuka. Nikamwambia kaa, uji unapoa.

Hakukaa.

Huyo Kabula! Hakupata nafasi ya kubisha hodi, baba yake alishamfikia kwenye minyaa.

Funzo nililolipata, sijui kama ni funzo. Mke, kaka, mchungaji, na mimi rafiki, wote tulimsema asisikie, halafu akainuliwa na chenga za TV. Sijaelewa. Labda sisi tulimwambia afanye nini, na ile TV ilimwacha na swali. Wasomi mtanisahihisha.

Jumapili ile tuliyokuwa Lamadi mchezo uliendelea bila sisi. Mama Sayi aliniambia Suzi alionekana yuko jikoni kwao. Hamisi akaniambia alionekana kwa mwalimu wake. Walitazama TV moja!

Sasa naomba kwenu. Kama kuna mzee mwenzangu humu aliyeuona mchezo ule mahali ambapo upepo haukupiga, aseme tu kwenye comment. Yule binti alibeba nini, na baba alifungua?

Masunga bado yupo, masikio ndiyo yamechoka. Nikipata jibu nitampelekea.

Ingawa juzi nilimuuliza kama bado anataka kujua, akaniambia yeye siku hizi hatazami TV, anaangalia mbwa.

Wabeja sana kwa kunisoma.