Kombe wa Rika Moja

Tangu asubuhi Yirleza alikuwa akizunguka nyumbani kwa mama yake kama mtu aliyekalia siafu. Huu ulikuwa mwaka wa tatu akitafiti tope la mikoko ya pwani ya Tumaco na viumbe wake. Kipande kimoja alikizungushia kamba, akawapiga marufuku wachumaji wa kombe, wale chaza wa topeni, wasitie mguu humo, mama yake akiwa wa kwanza, ili aone kama kombe watarudi wenyewe. Sasa kombe walikuwa wamejaa tele, na wenzake mjini walishampongeza. Yeye roho ilikataa kutulia. Mbona wote walikuwa wachanga, wa rika moja?

"Keti basi, mwanangu, unanitia kizunguzungu," alisema mama yake, Eufemia, akiwasha makumbi ya nazi ya kufukuzia mbu.

"Mama, kuna mtu anaingia ndani ya kamba yangu?"

"Nani athubutu, na ukali wako huo?" Eufemia akacheka. "Sisi tunasimama nje, tunawarusha tu."

"Mnarusha nini?"

"Kombe wachanga. Si desturi kombe mchanga arudishwe mahali palipopumzika bila kuchumwa? Na wewe mwenyewe ulitutangazia kwamba pale pamepumzika. Tangu siku hiyo kijiji kizima tunakuletea wewe."

Yirleza akashika kichwa. "Miaka mitatu, mama! Mmeniharibia kazi yote!"

"Tumeharibu nini?" Eufemia akamkazia macho. "Ulitaka kujua kombe wanarudije topeni. Si ungetuuliza?"