Kikopo cha Mama Mkwe

Kwa miaka kumi na moja niliyokaa na mke wangu, sijawahi kumwona mama yake akila. Nikiingia uani kwao Lubunga, ng'ambo ya mto, wakati wa chakula, yeye huhamia jikoni na sahani yake, mimi nabaki na wanaume. Ndivyo tulivyo. Bokilo, yaani mkwe, ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali, na mimi heshima hiyo niliipenda, maana inapunguza maneno.

Shida ilianza kazi yangu ilipomfikia. Mimi ni muuguzi, na wakati huo nilikuwa kwenye utafiti wa watu waliomaliza dawa za kifua kikuu lakini bado wanakohoa na kukosa pumzi. Daktari wetu, mwanamke mkavu asiyerudia neno, alitueleza siku ya kwanza kwamba mwili una walinzi wake, na kijidudu cha kifua kikuu kikiingia wanapigana nacho. Kwa wengine, kijidudu kikishakufa, walinzi hawana habari. Wanaendelea kupiga, na kinachoumia sasa ni pafu lenyewe. Alitaka kujua kwa nini kwa huyu wanatulia na kwa yule hawatulii. Wale ambao makohozi yao hayana kijidudu lakini yamejaa walinzi, angewapa vidonge vya kuwatuliza. Kisha akatuonya, mara moja tu kama kawaida yake, kwamba mtu ambaye kijidudu bado kiko hai ndani yake akipewa vidonge hivyo, tumemnyang'anya walinzi wake na anaweza kufa.

Mama mkwe alikuwa amemaliza dawa mwaka uliotangulia, na alikuwa akikohoa mpaka mke wangu akakosa raha. Nikamwandikisha.

Nilivuka mto asubuhi kwa mtumbwi, na sanduku la barafu mapajani. Nilimkuta mama mkwe na mdogo wake wa kike, ambaye humwita yaya, yaani dada mkubwa, huishi naye na hukausha samaki kwa moshi nyuma ya nyumba. Damu haikuwa na taabu, alininyooshea mkono huku akitazama ukuta. Kwenye mashine ya kupima pumzi alinigeuzia kisogo, akapuliza taratibu kama mtu anayepoza uji. Yakabaki makohozi. Sheria yetu ilikuwa wazi: mgonjwa akohoe nje penye hewa, mbele ya muuguzi, ili muuguzi aone kwamba yametoka kifuani mwake. Nilimpa kikopo. Akakishika, akatazama chini. Mimi nikatazama mitumbwi inayopita. Mwishowe akasema anakwenda nyuma ya nyumba, nami nikakubali haraka mno, kwa sababu hata mimi sikutaka kuona. Akarudi na kikopo kilichojaa vizuri. Kwenye fomu palikuwa na swali: yametolewa mbele yako? Nikaandika ndiyo, nikatia sahihi.

Majibu yalipotoka, kijidudu hakikuonekana, walinzi walikuwa tele. Daktari aliitikia kwa kichwa, na kwake hiyo ndiyo furaha. Akaandika vidonge, akanipa nimpelekee. Nilivuka tena nikiwa na raha ya mkwe anayeleta kitu cha maana.

Mama mkwe alikuwa amekwenda shambani. Mdogo wake alikuwa palepale kwenye moshi wake, akikohoa na kugeuza samaki. Nikamweleza habari yote, kijidudu, walinzi, vidonge. Alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa mikono kwenye kitenge chake, kisha akaukinga mmoja.

"Na mimi? Dawa yangu iko wapi? Ile makohozi ilikuwa ya mimi."

Nilimwomba arudie.

"Yaya alisikia haya ya kutema mbele ya bokilo. Kule nyuma kikohozi ikakataa kabisa. Donc mimi nikamusaidia, juu usirudi mikono mitupu."

Alisema bila kuficha kitu, kama mtu aliyemwazima jirani chumvi. Nikakaa juu ya gogo. Nilitaka kumkasirikia, nikakosa pa kuanzia. Wao walinifanyia ukarimu. Aliyedanganya ni mimi, tena kwa maandishi.

Sitajifanya malaika. Mtumbwini nilifikiria kuvitupa vile vidonge majini, niseme mama amejitoa kwenye utafiti. Lakini kikohozi chake kingebaki palepale, na hakuna ambaye angejua kinatokana na nini. Nikaenda navyo kwa daktari moja kwa moja. Alinisogezea ile fomu na kuniuliza jambo moja.

"Uliona, ao haukuona?"

Nikamjibu kwamba sikuona. Akaipiga mstari, akaniondoa kwenye kazi ya kukusanya makohozi kwa miezi mitatu, kisha akauliza nani katika familia anaweza kumtazama mama yule akikohoa. Kesho yake mke wangu alivuka na kikopo kipya. Safari hii kijidudu kilikuwemo, kiko hai. Usiku wa majibu yale sikula. Mdogo wake mama mkwe tulimpima naye, hakuwa nacho. Kilichomsumbua ni moshi.

Mama mkwe alianza dawa upya. Hatukuzungumza juu ya jambo lile, angezungumza nami lini? Alipofika mwisho wa matibabu nilikuwa nimerudishiwa kazi yangu, na kikopo cha mwisho, cha kuthibitisha kwamba amepona, kikaniangukia mimi. Niliondoka nyumbani nikiwa nimemwomba mke wangu anifuate. Hatukumhitaji. Mama mkwe alitoka uani, akachukua kikopo mkononi mwangu, akasimama hatua nne kutoka kwangu, uso kwa uso.

"Bokilo," alisema, "angalia muzuri."

Akavuta pumzi, akakohoa kutoka chini kabisa ya kifua, akatema. Masikio yangu yaliwaka moto kwa aibu, lakini sikugeuza uso. Alifunga kifuniko mwenyewe. Kisha akaingia jikoni kula, na mimi nikatoa fomu, nikaandika ndiyo.