Goti la Naima

Mwanaheri wa Kiwalani amekaanga chapati mbele ya nyumba yake kwa miaka kumi na tisa, na kwa chapati hizo amemlea Naima peke yake. Sasa Naima anachezea timu ya wanawake huko Moroko. Mwaka jana aliumia goti. Kila akipiga simu husema, "Nimepona, mama." Mwanaheri haamini, kwani tangu utotoni mtoto huyo huficha maumivu. Alitaka kumwona kwa macho yake akikimbia.

Jumamosi ambayo Naima alikuwa anarudi uwanjani, Mwanaheri alilipia king'amuzi. Chaneli ya michezo ikawa inarudia mechi ya wanaume ya wiki iliyopita. Akanunua bando la intaneti, akafungua mechi kwenye simu: "Mchezo huu hauonyeshwi katika eneo lako." Anayepokea malipo ya mtu kisha akamfungia mlango amemdhulumu, hata kama masharti aliyaandika kwa herufi ndogo.

Zikiwa zimebaki dakika ishirini mechi ianze, alijitanda kanga akaenda kwenye banda la mpira la Mudathir, ambako wanawake wa makamo hawaingii. Nilimsindikiza, kwa kuwa ni jirani yangu, ingawa niliwahi kusaini barua ya kutaka banda hilo lifungwe kwa sababu ya kamari.

"Mudathir mwanangu, mpira wa Moroko mnaukamata?"

"Shikamoo, mama. Dishi la futi sita linaukamata, ila mpaka tuligeuze. Tukigeuza, mechi ya hawa inapotea."

Zikapigwa kelele. "Mie nimekuja kuona mpira wa wanaume!" alifoka Mashaka, fundi wa madishi.

"Ni Naima wangu, baba. Nataka nione tu kama anachechemea."

Sauti ikatoka nyuma: "Mashaka, si huyo Naima ndiye aliyekupiga tobo katikati ya miguu uwanja wa shule, mchumba wako anaona?"

Walicheka mpaka mabenchi yakatikisika. Mashaka akachukua spana, akapanda juu ya bati.

"Imeshika?"

"Bado! Kushoto! Umepitiliza, bwana!"

"Na sasa?"

"Hapohapo! Usipumue!"

Naima aliingia kipindi cha pili. Mwanaheri, aliyepewa benchi la mbele, hakuutazama mpira. Alitazama mguu mmoja. Naima akakimbia, akaangushwa. Akainuka, akakung'uta bukta, akakimbia tena, sawasawa, bila kuchechemea.

Mwanaheri alifuta macho kwa upindo wa kanga, akasimama. "Nilichokifuata nimekiona. Mungu awalipe, wanangu. Geuzeni dishi lenu."

Kamari naipinga hadi leo. Lakini nawashukuru wanaume wale, na sahihi yangu nimekwenda kuiondoa.

Maana hakuna aliyekwenda kuligeuza. Mashaka, aliyekwisha kushuka, alimwonyesha benchi kwa spana yake.

"Kaa, mama. Tumefungwa moja. Hatuondoki hapa mpaka Naima asawazishe."